Barabara Maarufu za Majimbo ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Barabara ya jimbo ni ipi, na inatofautiana vipi na Interstate?

Ni barabara iliyopewa namba na jimbo lenyewe, kwa utaratibu wake, bila kumuuliza jirani. Barabara kuu za Marekani ziko ngazi tatu. Interstate utaijua kwa ngao ya bluu yenye utepe mwekundu juu. Barabara za US zina ngao nyeupe na namba nyeusi. Zinazobaki, zenye vibao vya kila umbo, ndizo za majimbo.

Wengi hudhani Interstate ni mali ya serikali kuu na hizi nyingine ndizo za majimbo. Sivyo. Karibu zote hujengwa na kutunzwa na idara ya barabara ya jimbo husika. Serikali kuu inachangia fedha na kuweka viwango. Kwa Mtanzania ni kama TANROADS inavyoshika barabara kuu na barabara za mikoa kwa pamoja: mtunzaji ni yuleyule, kinachobadilika ni ngazi na fungu la fedha.

Nitaitambuaje nikiwa nyuma ya usukani?

Kwa umbo la kibao. California hutumia koleo la kijani, kumbukumbu ya wachimba dhahabu wa 1849. Utah ina mzinga wa nyuki, Kansas ua la alizeti, New Mexico alama ya jua ya watu wa Zia (jamii ya wenyeji asilia wa huko), Washington kichwa cha George Washington, Florida ramani ya jimbo lenyewe. New Hampshire bado inachora uso wa mzee uliokuwa kwenye mwamba wa mlima, ingawa mwamba wenyewe uliporomoka mwaka 2003. Majimbo yasiyotaka makuu, kama New Jersey, Kentucky na Iowa, huweka duara jeupe tu.

Watu wanataja majina. Kwa nini nishike namba?

Kwa sababu jina halikai. Barabara ya 1 ya California huitwa Pacific Coast Highway upande wa kusini, ukipanda kaskazini inakuwa Cabrillo Highway, ukivuka San Francisco inakuwa Shoreline Highway. Ikiingia mjini inavaa jina la mtaa: Lincoln Boulevard ndani ya Los Angeles, 19th Avenue ndani ya San Francisco. Mgeni anayetafuta kibao cha "Pacific Coast Highway" atapotea mara tatu kabla ya saa sita mchana. Anayefuata koleo la kijani lenye 1 hapotei.

Ila namba bila jimbo haitoshi. Barabara ya 12 ya Utah inapita juu ya milima na mabonde ya mawe mekundu. Barabara ya 12 ya North Carolina inapita kwenye visiwa vyembamba vya mchanga ambako bahari huifunika lami kila dhoruba ikija. Zote mbili ni maarufu na hazina undugu wowote.

Route 66 ni barabara ya jimbo?

Haikuwa. Ilikuwa barabara ya US, iliyopewa namba mwaka 1926 na kufutwa rasmi 1985. Kinachochanganya ni kwamba baada ya kufutwa, baadhi ya majimbo yalichukua vipande vyake na kuvipa namba ileile: Oklahoma ina 66 yake ya jimbo, na Arizona vilevile. Ngao nyeupe zilizochorwa chini kwenye lami, watu wanazopiga nazo picha, ni za kumbukumbu na utalii; hazikuongozi popote.

Barabara ya 1 ya California inaanzia wapi na kuishia wapi?

Kusini inaanza kwenye Interstate 5 karibu na Dana Point, kaskazini inaishia kwenye US 101 karibu na Leggett. Ni takriban kilomita 1,055, ndefu kuliko barabara nyingine yoyote ya jimbo hilo. Haiendi mfululizo. Mara kadhaa inaungana na 101 na kutumia lami moja, likiwemo daraja la Golden Gate, kisha inachomoka tena. Ukiwa kwenye 101 na kibao cha 1 kimetoweka, usishtuke wala usigeuze gari; endelea hadi kibao kinachoonyesha 1 ikitoka.

Sehemu ambayo watu wanaisema kwa jina la barabara nzima ni ile ya Big Sur, kati ya Carmel na San Simeon, karibu kilomita 150. Ujenzi wake ulichukua takriban miaka 18, sehemu kwa mikono ya wafungwa wa gereza la San Quentin, na ikafunguliwa 1937. Bila kusimama inakula saa mbili na nusu hadi tatu. Hakuna anayeipita bila kusimama, kwa hiyo itengee siku nzima.

Niende kutoka kaskazini au kusini?

Marekani wanaendesha kulia. Ukitoka kaskazini kwenda kusini, bahari iko upande wako, na sehemu zote za kusimama kutazama mandhari ziko mkono wa kulia: unaingia na kutoka bila kukata njia ya wanaokuja. Ukitoka kusini, kila unapotaka kusimama upande wa bahari unakata kushoto mbele ya magari yanayochomoza kwenye kona. Kwa usalama na kwa macho, kaskazini kwenda kusini ndiyo bora. Kasoro yake moja: abiria wa mbele anakaa juu ya genge. Kama mwenzako anaogopa urefu, muulize kabla ya kukodi gari.

Kwa nini sehemu ya Big Sur hufungwa mara kwa mara?

Milima ya Santa Lucia inainuka moja kwa moja kutoka baharini. Kilele cha Cone Peak kina mita 1,571 na kiko kilomita chache tu kutoka ufukweni. Barabara imechongwa ubavuni mwa mteremko huo, kwenye miamba iliyopondeka na kuchanganyikana na udongo laini. Mvua za majira ya baridi zinaulowesha mlima, mawimbi yanaula chini, na mioto ya msituni inaondoa mizizi iliyokuwa imeshika udongo. Mwaka ambao moto umetangulia mvua ndio wa kuogopa.

Mwaka 2017 mambo mawili yalikutana. Mwezi Februari nguzo za daraja la Pfeiffer Canyon zilipasuka kwa sababu mlima chini yake ulikuwa unatembea. Lilibomolewa, na jipya la chuma likafunguliwa Oktoba mwaka huohuo. Tarehe 20 Mei mlima mzima ulishuka pale Mud Creek, ukaizika barabara na kuongeza nchi kavu ndani ya bahari. Wahandisi hawakujaribu kuuzoa. Walijenga barabara mpya juu ya kifusi chenyewe, ikafunguliwa Julai 2018 kwa gharama ya dola milioni 54. Januari 2021, miezi michache baada ya moto mkubwa, tope na magogo viliziba mfereji wa chini pale Rat Creek, maji yakapita juu ya barabara na kukata takriban mita 45 za lami, njia zote mbili. Ilifunguliwa tena Aprili. Baada ya hapo yamekuja maporomoko mengine, mwaka 2023 na 2024.

Nifanye nini kabla ya kuondoka?

Angalia ramani ya QuickMap ya idara ya barabara ya California, Caltrans, asubuhi ya siku ya safari. Ya jana haisaidii. Tafuta kufungwa katika wilaya mbili: Monterey na San Luis Obispo.

Kosa la kawaida ni hili: mtu anasikia "Big Sur iko wazi" na anadhani anaweza kupita. Kifusi kikiwa katikati, pande zote mbili huwa wazi hadi pale kilipo, na hoteli na hifadhi zinafanya kazi. Kupita ndiko hakuwezekani. Ukishuka kutoka Carmel ukakuta kizuizi, utarudi hadi Monterey, uchukue barabara ya 68 hadi Salinas, ushuke na US 101, kisha ukate na 46 kuelekea Cambria. Hilo ni deni la saa kadhaa. Kuna barabara moja tu inayovuka milima katikati, Nacimiento-Fergusson, nyembamba na yenye kona kali, na yenyewe hufungwa baada ya moto. Simu ikikuelekeza huko usiku, ikatalie.

Pakua ramani ya kutumia bila mtandao ukiwa bado Carmel au Cambria. Kati ya hapo mtandao wa simu hupotea kwa masafa marefu, na ndipo watu hugundua kwamba namba ya chumba walichokodi iko kwenye barua pepe isiyofunguka.

Mafuta je?

Jaza tangi kabla ya kuingia. Vituo ndani ya Big Sur vipo lakini ni vichache, na bei yao inaweza kukufanya usome mara mbili. Hapa au popote Marekani, kuna mambo mawili yanayowakwaza wageni. Kwanza, mafuta huuzwa kwa galoni, ambayo ni lita 3.785, na wanachokiita "gas" ni petroli, sio gesi. Pampu nyingi huweka mpini wa kijani kwa dizeli, lakini kampuni nyingine hutumia kijani hichohicho kwa petroli, kwa hiyo soma maandishi, usiamini rangi. Pili, pampu ikisoma kadi yako itauliza namba ya posta ya tarakimu tano. Kadi ya benki ya Nairobi au Dar es Salaam haina namba hiyo na huenda ikakataliwa. Ingia ndani kwa mhudumu, taja namba ya pampu na kiasi, lipa, ndipo ujaze. Usipomaliza kiasi hicho unarudishiwa chenji.

Kona na breki: ni kweli kuna hatari?

Hatari ipo, lakini siyo ile watu wanayoifikiria. Gari kutumbukia baharini si jambo la kila siku. Kinachosumbua ni dereva mgeni anayekanyaga breki muda wote wa mteremko hadi zinanuka kama mpira ulioungua, na kanyagio linaanza kuzama. Weka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza (kwenye gari la otomatiki sogeza hadi L, au 2, au alama ya kutoa), uiache injini ishike gari, kisha gusa breki kwa vipindi. Zikishanuka, simama uzipumzishe kama nusu saa. Usimwagie maji.

Sheria ya California pia inasema hivi: kwenye barabara ya njia mbili, ukiwa unakwenda polepole na nyuma yako kuna magari matano au zaidi, lazima uingie sehemu ya kupishia iliyo karibu. Wenyeji wanaokwenda kazini hawana subira na mtu anayetazama nyangumi.

Daraja la Bixby liko wapi na niegeshe wapi?

Liko kusini kidogo mwa Carmel, mwendo wa chini ya nusu saa. Ni tao moja la zege la mwaka 1932, linalovuka takriban mita 110 toka upande hadi upande, na kimo cha karibu mita 80 juu ya korongo. Eneo la kuegesha ni dogo, upande wa bahari, kaskazini mwa daraja. Likijaa, endelea na safari, urudi baadaye. Usiegeshe tairi moja kwenye lami na usitembee juu ya daraja: halina njia ya waenda kwa miguu, na dereva anayetokea kwenye kona hakuoni mpaka amekukaribia.

Vile vijiti vyeupe pembeni vyenye herufi na namba ni vya nini?

Ni alama za maili. California huhesabu maili kwa wilaya, kwa hiyo zinaanza upya kila unapovuka mpaka. Juu kuna namba ya barabara, kisha kifupisho cha wilaya (MON ni Monterey, SLO ni San Luis Obispo), kisha maili. Gari likiharibika, ukipata mtandao na kupiga 911, soma kijiti kilicho karibu nawe: "barabara ya 1, MON", na namba iliyo chini yake. Hiyo inamfikisha mwokoaji haraka kuliko maelezo ya "kuna kona na mti mkubwa".

Tozo ya Golden Gate hulipwaje?

Unalipa ukielekea kusini tu, yaani ukiingia San Francisco. Hakuna kibanda cha kupokea pesa taslimu tangu 2013. Kamera inapiga picha namba ya gari. Kwa gari la kukodi, soma mkataba kwanza: kampuni nyingi hulipa kwa niaba yako kisha huongeza ada yao, ambayo wakati mwingine inazidi tozo yenyewe. Unaweza kulipa mwenyewe mtandaoni kwa kutumia namba ya gari.

Kwa nini Florida wana barabara inayoitwa A1A?

Zamani ilikuwa barabara ya jimbo namba 1. Ilikuwa inakwenda sambamba na US 1, watu wakazichanganya, na mwaka 1946 jimbo likabadilisha yake. Inafuata pwani ya Atlantiki kuanzia Key West hadi mpakani karibu na Georgia, kwa vipande, kwa sababu visiwa na eneo la kurushia roketi la Cape Canaveral vinaikata. Ukiwa Miami Beach, Collins Avenue ndiyo A1A.

Kipande kinachoshangaza wageni ni Mayport, karibu na Jacksonville: barabara inafika ukingo wa mto St. Johns na kuendelea juu ya kivuko. Unaingiza gari kwenye pantoni, kama Kigamboni au Likoni, unashuka ng'ambo na kibao cha A1A kinakusubiri. Ikipelekwa matengenezo, mzunguko wa barabarani ni mrefu, kwa hiyo ulizia kabla. Kusini zaidi, pale Flagler Beach, kimbunga Matthew cha 2016 kiling'oa kipande cha barabara hii. Ufukwe pale ni mwembamba na lami iko juu ya mchanga mtupu.

Barabara ya Hāna ni ngumu kiasi gani?

Kutoka Kahului hadi Hāna, kisiwani Maui, ni kilomita 84 tu, lakini kona ni zaidi ya 600 na madaraja mengi ni ya gari moja. Namba zake ni mbili: 36 mwanzoni, halafu 360, na alama za maili zinaanza tena sifuri zinapobadilika. Kitabu cha safari kikisema "maili ya 10", karibu kila mara ni ya 360.

Kwenye daraja la gari moja, aliyefika kwanza anapita. Kukiwa na msururu, magari matano hadi saba ya upande mmoja hupita, kisha upande wa pili. Jaza mafuta Pāʻia. Hifadhi ya Waiʻānapanapa inataka wageni waweke nafasi mapema. Bila hiyo unarudishwa getini baada ya saa tatu za kona. Anayetapika kirahisi akae mbele, na ale kidogo.

Ni ipi isiyofaa kujaribiwa bila maandalizi?

Dalton, Alaska. Ni barabara ya 11, lakini hii ndiyo tofauti na kanuni yetu ya namba: hakuna anayeiita hivyo. Ilijengwa 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta na ikafunguliwa kwa umma hadi mwisho wake 1994. Ina kilomita 666, nyingi za changarawe. Mafuta yako mtoni Yukon (maili 56), Coldfoot (maili 175) na Deadhorse (maili 414). Kati ya Coldfoot na Deadhorse ni kilomita 385 bila kituo, bila duka, bila fundi.

Beba matairi mawili ya akiba yaliyo kwenye rimu, jeki inayofaa kwenye udongo laini na kipande cha ubao cha kuiwekea chini, dumu la mafuta, maji, na redio ya mawasiliano ya madereva wa malori. Washa taa mchana kutwa. Lori likija, punguza mwendo, sogea kulia, maana kokoto zake hupasua kioo cha mbele. Kampuni nyingi za kukodisha magari zinaikataza barabara hii kwenye mkataba, na bima haitakutambua. Tafuta inayoiruhusu kwa maandishi.

Nevada 375, ile iliyopewa jina la viumbe wa anga mwaka 1996 kwa kuwa inapita karibu na Area 51, kambi ya siri ya jeshi la anga, ni ya lami na sehemu kubwa ni tambarare. Humo shida ni mafuta na ng'ombe weusi wanaolala barabarani usiku. Ina kilomita 158 na kijiji kimoja, Rachel.

Ipi ya juu zaidi, na ipi ya kasi zaidi?

Ya juu ni Colorado 5, inayofika mita 4,307: juu kuliko kibanda cha Horombo Kilimanjaro (mita 3,720), na unafika umekaa kwenye kiti. Ndiyo maana kichwa kinauma. Mwili haukupata siku tatu za kuzoea. Hufunguliwa miezi ya joto tu, na gari linahitaji nafasi iliyowekwa mapema. Ramani za zamani zinauita mlima wake Evans. Tangu 2023 ni Blue Sky. Jina limebadilika, namba ni 5 vilevile.

Ya kasi ni Texas 130 kati ya Austin na Seguin, maili 85 kwa saa, sawa na kilomita 137. Ina tozo, na nguruwe pori wanaovuka usiku hawajasoma kibao cha mwendo.

Je, kuna barabara ya jimbo isiyoruhusu magari?

Ipo moja: M-185 ya Michigan, inayozunguka kisiwa cha Mackinac kwa karibu kilomita 13. Magari yalipigwa marufuku kisiwani tangu 1898, isipokuwa ya dharura. Vibao vya barabara vipo, alama za maili zipo, na wanaopita ni baiskeli, farasi na waenda kwa miguu. Baiskeli hukodishwa karibu na gati la boti. Mzunguko mzima ni saa moja ya kukanyaga bila haraka, karibu wote tambarare. Angalia tu kinyesi cha farasi kwenye kona, hasa kukiwa na unyevu.